Kila Risasi Inakwenda Kushoto

Jumatatu, 3 Juni
Leo nimenunua bunduki. Nikiandika hivyo naonekana kama mtu aliyechanganyikiwa, basi nieleze. Ni bunduki ya upepo, ya mkono wa pili, haina baruti. Unaukunja mtutu kwenda chini, kamani, ile springi iliyo ndani, inajibana, unatia kirisasi kidogo kama punje ya mtama, unaurudisha mtutu mahali pake. Ukivuta kifyatulio, kamani inaachia na hewa inasukuma risasi. Mimi ni fundi saa, nimekula kwa kamani miaka thelathini na miwili. Nilipoelewa inavyofanya kazi, nikaipenda hapo hapo.

Aliyenitia katika jambo hili ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Mtaa mzima unamwita Mluzi, maana hajui kupumua bila kupiga mluzi. Akinyamaza, ujue ana jambo. Ana miaka thelathini na mmoja sasa. Alikuja kwetu ana tisa. Kazi nimemfundisha mwenyewe, na nimesema mbele ya dada yake kwamba alizeti zikishavunwa nitamwachia meza yangu na funguo za karakana. Nimesema. Sijatia sahihi popote.

Daktari wa macho ndiye aliyenishauri nitoke nje, niangalie mbali. Alisema jicho langu la kulia linaona mbali kama la kijana. Alisema na mengine.

Tutawinda kwa Mama Alizeti, mjane mwenye shamba nyuma ya kiwanda cha matofali. Njiwa wanammaliza. Ameomba kibali cha kuwapunguza hadi mavuno, na kibali kimetoka. Jina langu limo. Limeandikwa chini ya jina la Mluzi.

Jumatano, 5 Juni
Mke wangu ameuliza bunduki italala wapi. Kabatini, nimemwambia. Kabati lina funguo mbili, mmoja wangu na mwingine wa Mluzi. Sikumbuki nani aliamua ziwe mbili.

Ijumaa, 7 Juni
Somo la kwanza, nyuma ya nyumba, jioni. Mluzi amebandika kifuniko cha soda kwenye tuta la udongo, akahesabu hatua ishirini. Ana masharti mengi kuliko bibi harusi. Mtutu usiuelekeze kwa mtu hata kama hauna kitu. Usifyatue kabla hujajua nyuma ya njiwa kuna nini. Kichwa tu, usipige mwili. Na kama risasi tano hazijaingia ndani ya kifuniko, usimguse ndege, maana utamjeruhi tu.

"Na usiibane, shemeji," akasema. "Ishike kama umebeba kifaranga. Iache iruke inavyotaka."

"Nimeshika kibano tangu wewe hujajua kujifuta pua. Unanifundisha kushika?"

Akacheka, akaendelea na mluzi wake. Nikaiegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, nikafumba jicho la kushoto, nikapiga. Tukarekebisha skrubu za darubini ya kulengea, ile ya juu kidogo, ile ya pembeni kidogo. Kisha risasi tano zikaingia ndani ya kifuniko. Mke wangu alikuwa dirishani, nikahakikisha ameona.

Jumamosi, 8 Juni
Shambani. Mluzi ametangulia kwa baiskeli, bunduki mgongoni ndani ya mfuko wake. Mimi nimefuata kwa miguu. Alizeti zimekauka, zimeinamisha vichwa, na njiwa wanashuka juu yake kama wameitwa. Kuna kibanda cha kuhifadhia magunia, na mbele yake uzio wa mbao. Kwanza tukabandika kifuniko cha soda kwenye kichuguu. Nikaegemeza bunduki juu ya ubao wa uzio, nikaikamata sawasawa, nikapiga.

Kushoto. Ya pili, kushoto. Ya tatu, kushoto na juu. Ni vidole viwili kamili nje ya kifuniko, kwa bunduki iliyokuwa haikosei jana jioni.

Mluzi akanyamaza. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Labda macho yamechoka leo, shemeji."

Jumatatu, 10 Juni
Bado naitafuna ile sentensi. Nani amemwambia habari za macho yangu?

Ijumaa, 14 Juni
Nyuma ya nyumba, mfuko wa mchanga, risasi tano ndani ya kifuniko. Sijagusa skrubu yoyote tangu Ijumaa iliyopita. Kwa hiyo macho hayana tatizo, na bunduki haina tatizo.

Jumamosi, 15 Juni
Kushoto. Zote.

Mluzi akaichukua bunduki ileile, akapiga kifuniko mara tano, akaua njiwa wawili. Hakuiegemeza popote, alikaa chini na kuilaza juu ya kiganja, goti likiwa chini ya kiwiko. Mama Alizeti akamletea chai ya kwanza. Mimi nikapata ya pili.

Nimefikiri njia nzima ya kurudi. Nyumbani iko sawa, shambani haiko sawa, na katikati ya nyumbani na shambani anaibeba yeye. Skrubu ya pembeni inazungushwa kwa kidole, haihitaji hata bisibisi. Anaizungusha njiani, jioni anairudisha. Nimejiuliza, mbona yeye anapiga na hakosi? Jibu ni rahisi. Anajua ameizungusha kiasi gani, basi analenga kulia kwa kiasi hicho hicho.

Na sababu yake naiona. Nikiamini kwamba macho yamekwisha, meza itakuwa yake hata kabla ya mavuno.

Jumatano, 19 Juni
Nimefika karakana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mapema kuliko kawaida. Taa ya meza inawaka. Mluzi ndani, hapigi mluzi. Aliponiona akafunika kitu kwa kitambaa.

"Unafanya nini?"

"Nafagia, shemeji."

Ufagio ulikuwa nyuma ya mlango, na sakafu ilikuwa na vumbi la jana.

Ijumaa, 21 Juni
Nimemwekea mtego. Nimechukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikachora mstari mwembamba unaopita juu ya skrubu ya pembeni na kuingia kwenye bomba la darubini. Skrubu ikigeuka hata unywele, mstari unakatika. Chupa nayo nimeitia alama ya kalamu pale rangi ilipofika.

Jumamosi, 22 Juni
Risasi zimekwenda kushoto. Mstari haujakatika.

Nimerudi nyumbani nikaenda moja kwa moja kwenye chupa. Rangi imepungua chini ya alama yangu. Kwa hiyo ameigeuza, ameirudisha, kisha ameuchora mstari upya. Kijana ana akili, siwezi kukataa, nilimfundisha mimi.

Jumapili, 23 Juni
Wakati wa chai nimeona kucha za mke wangu. Nyekundu.

"Umepaka kwa ajili ya nani?"

Ameweka kikombe chini. "Kwa ajili yangu. Napaka tangu mwaka jana, mume wangu. Leo ndiyo umeziona?"

Nimesema nilikuwa naziona siku zote. Hakuniamini, na alikuwa na haki. Lakini yeye kupaka hakuondoi uwezekano wa mdogo wake kupaka pia.

Jumatano, 26 Juni
Leo tena taa ilikuwa inawaka kabla yangu. Leo tena "nafagia".

Jumamosi, 29 Juni
Sitaki kuiandika siku hii, naiandika.

Masharti nayajua: kama kifuniko kimekushinda, usimguse ndege. Leo kifuniko kilinishinda kama kawaida. Mluzi alikuwa upande wa pili wa kibanda, anamsaidia Mama Alizeti kuhamisha magunia. Njiwa akatua juu ya alizeti, hatua kama kumi na nane, nyuma yake kichuguu kitupu. Nikajiambia, kama imegeuzwa kwenda kushoto, na mimi nitalenga kulia kama yeye. Nikaikamata kwa nguvu zangu zote ili isitikisike, nikafyatua.

Nimempiga bawa. Akaanguka katikati ya mistari, akawa anajipigapiga chini, anazunguka mahali pamoja. Sauti yake ilikuwa ya karatasi inayokunjwa. Nikasimama pale na bunduki mkononi. Mluzi akaja mbio, akamwinamia, akammaliza kwa mikono, upesi. Alipoinuka hakuniangalia usoni.

"Kwa leo basi, shemeji."

Nikaona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka kuingia ndani ya gunia moja la yule mama, likafungwa mdomo. Kisha Mama Alizeti akasema, kwa upole kabisa, "Fundi, mwachie mwenzako. Huna unachotafuta hapa, wewe una saa zako." Nikamwona anamtazama Mluzi, na Mluzi anatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesema bado. Bado nini? Aibu yote ikageuka hasira. Wameshazungumza hawa.

Jumanne, 2 Julai
Muoka mikate amepita karakana. Saa yake niliitengeneza mwezi uliopita. "Sasa inakwenda barabara," akasema, na mkono akampa Mluzi.

"Mimi ndiye niliyeitengeneza," nikamwambia.

Akamtazama Mluzi. Mluzi akatazama sakafu. Muoka mikate akakumbuka kwamba ana mkate jikoni.

Ijumaa, 5 Julai
Nimesema yote. Sikupanga kuyasema mezani, lakini mke wangu alimuuliza mdogo wake, si mimi, kesho tutaondoka saa ngapi, nikaona hata sihesabiwi.

"Atakwenda peke yake," nikasema. "Na bunduki haendi nayo. Ameshaichezea vya kutosha."

Mluzi akaweka kijiko. "Nimeichezea vipi, shemeji?"

"Skrubu ya pembeni. Kila Jumamosi unaigeuza njiani, kila jioni unairudisha. Unataka nijione kipofu. Unataka meza. Si nilisema nitakupa? Ulishindwa kusubiri alizeti zivunwe?"

Mke wangu akasema, "Baba, hebu acha."

"Siachi. Aseme mwenyewe."

"Shemeji," akasema Mluzi, "sijagusa skrubu yako. Naapa mbele ya dada."

"Umegusa nini basi? Kila asubuhi uko karakana, unafunika vitu. Ukiniona, nafagia. Unafagia nini? Umegusa nini cha kwangu?"

Hapo akanyamaza. Mtu asiye na kosa hujibu, ndivyo nilivyofikiri. Alifungua mdomo, akamtazama dada yake, akaufunga.

"Mnaona," nikasema. "Amenyamaza."

Akatoa funguo mfukoni, wa kabati na wa karakana, akaziweka kando ya sahani yangu, taratibu, bila kuzibamiza. Akaingia chumbani kwake, akatoka na begi moja. Miaka ishirini na miwili, begi moja. Mke wangu akamfuata hadi nje. Aliporudi alisimama mlangoni, hakukaa.

"Umemfukuza mtoto niliyemlea mimi," akasema, "kwa ajili ya skrubu."

Jumamosi, 6 Julai
Sijatoka.

Jumatano, 10 Julai
Nimeanza kusikia saa ya ukutani, ile ya sebuleni. Iko pale miaka yote, nilikuwa siisikii kwa sababu ya mluzi. Mke wangu ananipa chakula na kunijibu ndiyo na hapana. Nasikia mdogo wake analala kwenye kibanda cha Mama Alizeti, analinda magunia.

Jumamosi, 13 Julai
Nimekwenda shambani, nikiwa nimepeleka ujumbe kwanza ili Mluzi na Mama Alizeti wasiwe upande wa uzio. Bunduki nimeibeba mwenyewe, kutoka kabatini hadi shambani, mkono wangu haujaiacha. Ufunguo wa pili uko mfukoni mwangu. Mstari wa rangi haujakatika. Jana jioni, kwenye mfuko wa mchanga, tano ndani ya kifuniko.

Nikabandika kifuniko kwenye kichuguu. Nikaegemeza juu ya uzio, nikaikamata.

Kushoto.

Nikapiga tano. Tano kushoto. Hakuna aliyeigusa ila mimi. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi. Baadaye nikafikiri kwamba ni macho kweli. Nikatamani ingekuwa bado ni Mluzi, na kwa kutamani hivyo nikajichukia.

Alhamisi, 18 Julai
Nimejimwagia maji ya moto ya birika kwenye mkono wa kushoto. Nilikosa kikombe. Mke wangu amenifunga bendeji hadi vidoleni, bila neno, lakini amefunga vizuri.

Jumamosi, 20 Julai
Naandika polepole ili nisikose.

Nimekwenda tena, sijui kwa nini, nadhani kwa kukosa pa kukaa. Mkono umefungwa, siwezi kukamata kitu. Basi nikakaa chini, nikailaza bunduki juu ya bendeji, kiganja wazi, inacheza kama mtoto asiyetaka kubebwa. Nikalenga kifuniko cha soda kwenye kichuguu. Nikavuta bila matumaini.

Katikati.

Nikapiga nne nyingine. Zote ndani. Nikasogea kwenye uzio, nikaiegemeza kwenye ubao, nikaibana kwa mkono wa kulia na bega hadi maumivu. Kushoto. Nikarudi kwenye kiganja. Ndani. Nikafanya hivyo mara nne, na mara nne ilikuwa vilevile.

Ni kamani. Kamani inapoachia, bunduki nzima inaruka kabla risasi haijatoka mdomoni. Juu ya mchanga inaruka hivi, juu ya ubao na ngumi ya mzee mwenye hasira inaruka vile. Na kila wiki niliyozidi kumshuku ndiyo niliyozidi kuibana. Mimi, ambaye kila mteja namwambia kwamba saa ileile ikilazwa na ikisimamishwa haitembei sawa. Alishaniambia siku ya kwanza kabisa. Kifaranga.

Skrubu hakuigusa basi. Lakini kule karakana aligusa nini?

Jumatatu, 22 Julai
Muuguzi ameleta saa yake, ileile niliyoisafisha mwezi Mei. Anataka kioo kipya tu.

Nifafanue jambo, ingawa daftari hili halisomwi na mtu. Tuna desturi sisi mafundi: kila anayefungua saa hukwaruza alama yake ndani ya mfuniko wa nyuma, pamoja na tarehe, ndogo sana. Yangu ni msalaba. Nilimfundisha Mluzi akiwa na miaka kumi na tano kwamba anayefungua saa ya watu bila kuacha alama ni mwizi. Alichagua nukta.

Nikafungua saa ya muuguzi, nikaweka kioo cha kukuzia kwenye jicho la kushoto, kama nilivyofanya miaka thelathini na miwili. Nikaona ukungu. Haya ndiyo yale mengine aliyosema daktari: la kulia la kijana, la kushoto, lile la kazi, limeanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Sikumwambia mtu. Hata hapa sikuandika.

Nikakihamishia kioo jicho la kulia, lile nililolengea msimu mzima. Nikauona msalaba wangu, na tarehe yangu. Na kando yake, tarehe ya siku mbili baadaye, nukta.

Rafuni kuna saa saba nilizomaliza, zinangoja wenyewe. Nimezifungua zote. Tano zina nukta. Katika moja niliona hata nilichokifanya, skrubu niliyoikwaruza kichwa kwa kuikosa, na pembeni skrubu mpya imetiwa. Asubuhi zile alikuwa anarudia kazi yangu ili jina langu lisiharibike, na kila alipofanya hivyo aliacha alama, kwa sababu nilimwambia asipoacha ni mwizi.

Nimefunga mlango wa karakana, nimelia. Kisha nimefagia. Kulikuwa na vumbi jingi kweli.

Jumanne, 23 Julai
Nilimkuta Mluzi shambani, anashona midomo ya magunia. Mavuno yameanza. Hakusimama, lakini alinisogezea gunia nikae.

"Nukta sita, pamoja na ya muuguzi," nikasema.

Akaendelea kushona. "Saba. Ya muoka mikate umeshaikabidhi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, shemeji? Ningeanzia wapi? Nilimwambia dada na huyu mama peke yao. Nikasema tukutoe karakana kidogo kidogo, upate kitu kingine cha kupenda. Ndipo nikakuletea habari ya bunduki."

"Na siku ile mezani. Nilikuuliza umegusa nini."

"Mbele ya dada, hata kama alijua?" akasema. "Na wewe umekasirika vile? Ningesema, ungebaki na nini?"

Nikamwomba msamaha, kwa maneno, nikiwa nimemtazama. Sijawahi kumwomba mtu mdogo kwangu na sikujua mikono huwekwa wapi. Kisha nikampa funguo za karakana, wangu na wake, zote mbili.

"Na wa kabati?" akauliza.

"Bunduki ni yangu. Jicho la kulia bado ni zima."

Hapo akacheka.

Jumamosi, 27 Julai
Nimeua njiwa mmoja. Risasi kumi kwanza, zote ndani ya kifuniko, ndipo nikajiruhusu. Kiganja wazi. Alianguka kama alivyotua, hakujipiga hata mara moja. Mke wangu amempika, amenipakulia paja, na ameniuliza kama chumvi inatosha. Ni swali lake la kwanza tangu mwanzo wa mwezi.

Jumatatu, 29 Julai
Nimekaa upande wa wateja, kwenye kile kiti chenye mguu mfupi. Miaka yote sikujua kwamba kinayumba. Mluzi yuko kwenye meza yangu na saa ya muuguzi. Alipomaliza kioo aliniletea mfuniko niukague, nami nikautazama kwa jicho la kulia: msalaba, nukta, kisha tarehe ya leo na nukta peke yake. Nikamwambia aufunge.

Sasa ameinamia saa nyingine. Hapigi mluzi. Ana kazi.